Sindano ya Gripe Niliyomgawia Mama Kapinga

Ninyi wakunga wapya mnaovaa bluzi nyeupe kwa mara ya kwanza mwaka huu, msinicheke mkisikia jina langu. Naitwa Mujinga. Kwetu Kasai ni jina la mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni, na mama alipenda kunikumbusha kwamba nilifika duniani nimefungwa kama gunia la makaa. Siku moja dereva wa lori kutoka Tanzania alikuja kwenye kituo chetu cha afya, kule Katuba, kufungwa kidonda cha mguu. Akasoma jina kifuani pangu, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Dada, ni nani aliyekuandika hivi?" Nilipomweleza alicheka mpaka kidonda kikatoa damu tena, ikabidi nimfunge upya. Nimefanya kazi ya ukunga zaidi ya miaka thelathini na jina hilo kifuani, na nakiri ziko siku nilizolistahili kwa maana ile ya dereva. Nitawasimulia habari ya siku kama hizo, kwa sababu kosa langu mtakutana nalo hata ninyi, na litawajia likiwa na sura ya wema.

Kwanza tuelewane kuhusu gripe, yale mafua makali ya msimu wa baridi. Hapa Lubumbashi, mwezi wa sita na wa saba, baridi ya asubuhi inauma masikio na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sufuria lililofunikwa. Kila mtu anakohoa, na kila mtu anasema, "Ni gripe tu." Neno "tu" ndilo linalonitia wasiwasi. Gripe ambayo mume ataimaliza kwa siku tano, huku akilalamika kama mtu anayeandika wosia, mke wake mwenye mimba anaweza kulazwa nayo. Moyo wake tayari unafanya kazi ya watu wawili. Mtoto anasukuma kutoka chini, mapafu yanabaki na nafasi ndogo. Nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa nayo imebadilika ili imvumilie mtoto. Homa ikipanda na pumzi ikipungua, wote wawili wako hatarini, na mtoto anaweza kuja kabla ya wakati wake.

Aliyenifundisha hayo ni Mama Charlotte, mkunga mkuu wa kwanza niliyefanya kazi chini yake. Wakati huo sindano zilikuwa za kioo. Tulizichemsha kwenye sufuria, tukazitumia tena, mtu baada ya mtu. Asubuhi moja foleni ilikuwa imefika barabarani, nikazitoa kwenye maji kabla ya muda wake. Mama Charlotte hakupaza sauti. Alichukua sinia lote, akalirudisha kwenye sufuria, akawageukia akina mama: "Samahani, tutachelewa. Huyu mutoto alitaka kuwapa haraka, miye ninataka kuwapa usafi." Nilitamani sakafu inimeze. Niliifikiria aibu ile kuwa ndogo, ya msichana mmoja na sufuria lake. Sikujua kwamba mahali pengine katika mkoa huu huu, mtu mwingine mwenye haraka kama yangu hakuwahi kuwa na Mama Charlotte nyuma yake.

Basi, twende kwenye miaka ya karibuni. Corona ilikuwa imepita na kuwaachia watu maneno mengi kuhusu sindano, mengi yakitembea kwenye simu. Daktari wetu, daktari Ilunga, binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu, alifaulu kupata chanjo za gripe. Mnajua kwamba kwetu hiyo si chanjo ya kila siku. Ile ya pepopunda, wajawazito wetu wanaizoea. Ya gripe wengi hawajawahi hata kuiona. Zilikuja ishirini, kila moja ndani ya pakiti yake, dawa tayari imo kwenye bomba. Kumi na nane zilikuwa za wajawazito, moja ya daktari, moja yangu, kwa sababu sisi ndio tuliokaa karibu na wanawake hao siku nzima.

Nilizilinda kama mayai. Umeme ulipokatika, nilizihamishia kwenye sanduku la baridi, na nikaweka kitambaa kati yake na barafu, maana chanjo hiyo ikiganda imekufa, hata ikirudi kuwa maji huwezi kuitumia. Mlinzi wetu aliingiza soda yake kwenye friji ya chanjo mara moja tu. Hakurudia. Hata leo tukikutana sokoni ananionyesha mikono mitupu.

Siku ya kwanza niliharibu. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wananiangalia kwa mashaka, na mimi nilitaka wafurahi. Nikasema, "Haina kitu hata kidogo. Hautasikia chochote." Mwanamke wa kwanza akakubali. Kesho yake alirudi kwa miguu yake mwenyewe, akasimama mlangoni na kupandisha mkono wa gauni.

"Mama Mujinga, ulisema sitasikia kitu. Mukono ulinilemea usiku muzima. Na joto kidogo nilipata."

Vyote viwili ni vya kawaida, na vinaisha baada ya siku moja au mbili. Lakini sikuwa nimesema. Kwa hiyo badala ya kuonekana mambo ya kawaida, yalionekana siri iliyofichuka. Kwenye benchi alikuwepo Régine, mshona nguo, mimba ya miezi sita, mtu mpole asiye na maneno mengi. Alikusanya kadi yake na kikapu chake.

"Miye ninakula na huu mukono, mama," aliniambia. "Niko na nguo za harusi za kumaliza. Nitarudia siku ingine."

Nikamwacha aende. Nilijiambia nitamwita wiki ijayo, halafu wiki ijayo ikaja na mambo yake, nikasahau.

Tangu siku hiyo nilibadili maneno. Niliwaambia mkono utauma. Unaweza kupata joto kidogo. Haiwezi kukupa gripe, kwa sababu ndani yake hamna kirusi kilicho hai. Itachukua kama wiki mbili kabla mwili haujajifunza kujilinda. Haizuii gripe kwa kila mtu, lakini inapunguza sana hatari ya kuugua vibaya. Na kinga unayotengeneza inampitia mtoto tumboni, akizaliwa anakuwa nayo miezi ile ya mwanzo ambayo yeye mwenyewe hawezi bado kuchanjwa. Hapo ndipo wanawake walipokuwa wanainua macho. Mwambie mama kwamba sindano ni yake, atafikiri. Mwambie kwamba mtoto atapata sehemu yake, atauliza ni mkono gani.

Aliyefuata kunipa kazi alikuwa Kabedi. Yeye alikuwa mfanyabiashara, anavuka mpaka pale Mokambo kuleta unga na mafuta, anajua kubishana na maofisa wa forodha kwa lugha nne. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na alitaka chanjo. Lakini alikuja na mama mkwe wake, Mama Kapinga, mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikasimama chenyewe. Nilieleza yote niliyowaeleza ninyi. Mama Kapinga akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika Kabedi mkono.

"Twende ku nyumba."

Nikaanza kueleza upya, kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo lilikuwa masikio yake. Ndivyo tunavyofanya wengi wetu. Halafu nikaona kwamba hatazami uso wangu. Alikuwa anatazama mikono yangu, huku akimvuta Kabedi nyuma. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mama, unaogopa sindano juu ya nini?"

"Siogope sindano," akasema. "Ninaogopa muntu mwenye kuikamata."

Na akanisimulia. Dada yake mdogo, walipokuwa wasichana kule Kambove, alichomwa sindano ile ile waliyochomwa watu wengine kabla yake, bila kuchemshwa upya. Paja likavimba, likatunga usaha, likakatwa na kukatwa tena. Dada aliishi, lakini alichechemea mpaka kufa kwake. Mwuguzi hakuomba hata msamaha. Alikuwa na haraka.

Mama mmoja kwenye benchi aliacha kula karanga. Nikasema, "Mama, miye pia nilichemsha hizo sindano. Na siku moja nilizitoa mbele ya wakati. Kuna mukubwa wangu alinirudisha. Mwuguzi wa dada yako hakurudishwa. Pole sana."

Nadhani alitegemea nijitetee. Nikachukua pakiti moja, nikamwekea mkononi mwake. Nikamwambia aikague, aone kama imewahi kufunguliwa, aifungue yeye mwenyewe. Akaigeuza pande zote. Akanusa, sijui alitafuta harufu gani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia.

"Unipige miye kwanza. Nikikaa muzuri mbele yako, utapiga bibi ya mutoto yangu, huyu Kabedi."

Benchi zima likacheka, na yeye mwenyewe akatabasamu kidogo. Lakini mimi nilikuwa na hesabu kichwani. Sindano za wajawazito ni za wajawazito. Nikimpa moja, kuna mama mwenye mimba atakayekosa. Ya daktari ilikuwa imeshatumika. Ilibaki yangu, ambayo nilikuwa naiahirisha kila siku kwa kisingizio cha kazi nyingi. Mama Kapinga alikuwa na umri ambao gripe inautafuta, kwa hiyo haikuwa dawa ya kupotea. Nikafikiri sekunde mbili hivi, nikainuka kuchukua yangu, ile aliyoshika ibaki ya Kabedi. Sikumwambia mtu yeyote pale kituoni.

Nilimkalisha, nikamwomba aulegeze mkono uning'inie kama nguo kwenye kamba. Mkono uliokazwa unauma mara mbili. Sindano ikaingia na kutoka, yeye bado anangoja.

"Piga sasa," akasema.

"Imeisha, mama."

"Aa! Ndiyo ile?"

Akakaa robo saa ninayowataka wote wakae, akiwahadithia wenzake kana kwamba alikuwa amerudi vitani. Kisha akampandishia Kabedi mkono wa gauni kwa vidole vyake mwenyewe. Siku hiyo akina mama wengine watano walichanjwa. Nilirudi nyumbani nikijisifu. Nilimwambia mume wangu, nikajisifu tena, naye akaniongezea nyama kwenye sahani.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, Régine alikuja kupimwa mimba. Nilipima tumbo lake, nikasikiliza moyo wa mtoto, nikapiga chafya mara mbili. Nikasema ni vumbi. Sikuvaa barakoa, sikukumbuka habari ya chanjo, nilikuwa na kichwa kizito na nilitaka siku iishe. Jumanne homa ilinitupa kitandani kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye lori. Mifupa iliniuma hata nikigeuza macho.

Habari ilifika Katuba yote kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai. "Mama Mujinga anapiga bantu sindano ya gripe, na yeye mwenyewe eko na gripe!" Kwenye siku ya wajawazito, wanawake wanne walioandikishwa kwa chanjo hawakukaa hata kwenye benchi. Daktari Ilunga alinipigia simu.

"Mama, pole. Sielewi. Wewe si ulipata yako?"

Nikamwambia ukweli, kati ya kikohozi na kikohozi.

"Mama," akasema polepole, "ninakuheshimu sawa mama mwenye kunizaa. Lakini leo nitakugombeza. Ile sindano haikukuwa zawadi yako ya kugawa. Ilikuwa ya kulinda bale bamama bote unashika matumbo yao. Ungeniuliza. Tungetafuta njia ingine ya Mama Kapinga."

Nilijisikia tena kama yule msichana wa sufuria. Tofauti ni kwamba safari hii aliyenirudisha nilimfundisha mimi mwenyewe kuzalisha, alipokuwa mwanafunzi anayezimia akiona damu.

Ijumaa Régine akaanza kukohoa. Jumapili Kabedi, ambaye alikuwa jirani yake, alipita baada ya misa kuchukua gauni. Alimkuta amekaa kitako kitandani, amejiegemeza ukutani. Kabedi alinisimulia baadaye. Alimsalimia, na Régine akashindwa kumaliza sentensi. Alisema maneno mawili, akavuta pumzi, maneno mawili, akavuta pumzi.

"Mutoto eko anacheza?" Kabedi akamwuliza.

"Tangu asubui... hacheze... muzuri."

Hayo ndiyo mambo tunayowafundisha wajawazito kuyaangalia: pumzi fupi, kifua kuuma, homa isiyoshuka, kuchanganyikiwa, mtoto kupunguza kucheza. Hapo hakuna kungoja kesho, na hakuna ndimu na tangawizi. Kabedi hakungoja. Alisimamisha teksi katikati ya barabara kwa kujiweka mbele yake na tumbo lake, akampeleka Régine hospitali kubwa, na njiani akagombana na dereva aliyetaka kuwashusha kwanza abiria wake. Régine alikuwa na nimonia. Akawekewa oksijeni siku hiyo hiyo.

Nilisikia nikiwa bado kitandani. Jamani, niliwahi kuona mengi kazini, lakini siku zile zilikuwa ndefu. Hakuna awezaye kusema kama ni mimi niliyemwambukiza. Mji mzima ulikuwa unakohoa, na wateja wake walikuwa wanaingia na kutoka. Inawezekana ni mimi, inawezekana si mimi. Nililala na maneno hayo mawili.

Wakati huo mlango ukagongwa, na aliyesimama nje alikuwa Mama Kapinga na sufuria la supu ya kuku. Alikuwa amesikia ule uvumi, akaenda moja kwa moja kwa daktari kuuliza, na daktari akamweleza. Sijawahi kugombezwa na mtu aliyeniletea chakula kama siku ile. Nikamwomba asiingie, akabaki dirishani.

"Ulinipa sindano yako na haukuniambia! Ningejua, ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Basi ulinidanganya." Akalitua sufuria dirishani kwa kishindo. "Kunywa ingali moto."

Siku ya wajawazito iliyofuata, mimi nikiwa bado nyumbani, alikwenda kituoni. Kabedi anasema alisimama katikati ya mabenchi bila kukaribishwa na mtu. "Munasema sindano ilimupa Mama Mujinga gripe," akaanza. "Hakupata sindano. Yake iko mu huu mukono." Akapandisha nguo, akauonyesha mkono mtupu, ambao bila shaka haukuwa na alama yoyote tena, lakini wanawake waliinuka kuutazama. "Mwenye alipigwa, niko hapa, nimesimama. Mwenye hakupigwa, eko mu kitanda." Chanjo zilizobaki ziliisha kabla ya saa sita. Kwa miaka mingi nilijitahidi kutengeneza mafundisho yenye picha na rangi, na hakuna hata moja lililofanya kazi kama mkono ule.

Nilipopona kabisa, na daktari aliponiruhusu, nilikwenda hospitali kumwona Régine. Oksijeni ilikuwa imeondolewa. Alikuwa amekonda usoni, tumbo lake limebaki kubwa, na alikuwa ameomba aletewe pindo la kushona kwa mkono kitandani. Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yote yakanikimbia.

"Régine, siku ile nilikupima, nilipiga chafya. Nilikuwa tayari na gripe. Inawezekana niliipeleka kwako. Na mbele ya hapo, nilikuacha uende bila kukueleza muzuri habari ya mukono. Nisamehe."

Alishona mishono kadhaa. Nilihesabu. Ilikuwa sita.

"Mama," akasema, "nilikuwa na hasira. Haiko juu ya chafya. Nilikuwa na hasira juu nilisema nitarudia, na haukuniuliza tena."

Akaendelea, "Mukono wa yule mama wa mulangoni uliuma siku ngapi?"

"Siku moja na nusu."

Alitazama dirisha, akakumbuka siku zote alizokaa pale kitandani, na nguo za harusi zilizokwisha kushonwa na mtu mwingine. Kisha akaanza kucheka, cheko dogo lililomletea kikohozi, na kikohozi kikamfanya acheke zaidi. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka, mpaka mwuguzi wa wodi akaja kutunyamazisha.

Alijifungua mwezi wa tisa, kwa wakati wake, mikononi mwangu. Mtoto wa kike, mwenye sauti iliyofika sokoni. Kabedi alijifungua wiki moja kabla yake, mvulana, na Mama Kapinga alikuwa anaingia kila baada ya dakika kumi kutuuliza kama tumenawa mikono.

Msimu wa baridi uliofuata ulikuwa wa mwisho kwangu kabla ya kustaafu. Daktari Ilunga alipata boksi jingine, kubwa zaidi, lenye za akina mama wanaonyonyesha pia. Asubuhi ya kwanza akanikalisha kwenye kiti, mbele ya mabenchi yote yaliyojaa, na yeye mwenyewe akafungua pakiti. Régine alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, kumpima uzito, akasogea karibu kabisa.

"Legeza mukono, mama," Régine akaniambia.

Nikakaza. Miaka yote hiyo nimewaambia watu walegeze, na mimi nikakaza kama nguzo. Sindano ikaingia. Nikapiga yowe, si kubwa, lakini lilisikika mpaka kwa mlinzi nje, akaja mbio. Wajawazito wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo. Régine akakaa benchi la mbele, akapandisha mkono wake wa gauni, wa kushoto, ule asiotumia kushonea.

"Sasa miye," akasema.